Namna ya Kumsoma Kocha Mpya wa Timu ya Chuo Kabla ya Kumpa Jina

Katika vyuo vingi vya Mwanza, kocha mpya wa mpira wa miguu huwa amekwisha kupewa jina kabla hajamaliza wiki mbili. Akikunja mikono kifuani bila kusema neno anapewa jina, akicheka na wachezaji anapewa jingine, na akimkaripia beki mbele ya watu siku ya kwanza, jina lake hufika bwenini kabla wachezaji wenyewe hawajarudi kuoga. Jina likishashika ni kazi kulibandua, kwa maana tangu siku hiyo kila alifanyalo husomwa kwa kulifuata: aliyeitwa mkali akitabasamu tunasema anaigiza, na aliyeitwa mpole akikemea tunasema amezidiwa.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi, watumishi wa vyuo, wahitimu na majirani wa viwanja wanaotaka kumfahamu kocha wao kwa haki. Nimeifuata timu ya chuo kimoja cha hapa jijini kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi wa kubeba mipira, baadaye nikiwa katibu wa kamati ya mashabiki, na katika miaka hiyo nilishiriki kumhukumu vibaya kocha mmoja. Nitalieleza jambo hilo mahali pake, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kidogo sana: tulikuwa tumesimama mahali pasipofaa.

Siku ya utambulisho

Utambulisho hufanyika ukumbini au chini ya mti ulio kando ya uwanja, mbele ya mshauri wa wanafunzi, waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi na nahodha wa timu, na kocha husema yale ambayo karibu kila kocha husema: nidhamu, umoja, ushirikiano. Usiyachukue maneno hayo kuwa ushahidi wa tabia yake, kwani siku hiyo yeye ni mgeni anayejibu heshima ya wenyeji. Andika mambo mawili madogo tu: kama alimtaja kwa heshima kocha aliyemtangulia, na kama aliuliza swali lolote kuhusu wachezaji atakaowafundisha. Vyeti vyake navyo vitasomwa. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la mpira wa miguu la Afrika, huanzia D, zikapanda hadi C, B na A, na ya juu kabisa huitwa Pro. Huenda pia mwalimu wenu amepita Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Hayo yatakuambia amesomea nini, na yapewe heshima yake, lakini habari za moyo wake utazitafuta kwingine.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alieleza jambo alilolibaini kwa maofisa wa jeshi walioombwa kuwapima askari wao kwa sifa mbalimbali, kama vile umbile, akili, uongozi na tabia. Alama zilifuatana kupita kiasi, hata askari aliyempendeza ofisa kwa sifa moja akawa anapewa alama nzuri katika sifa zote, na aliyemchukiza kwa moja akaanguka katika zote. Shabiki anayemwona kocha mrefu, aliyenyooka, mwenye shati lililopigwa pasi, kisha akatoka ukumbini akisema kwamba huyu ana msimamo na atawalea vijana vizuri, anarudia kosa lile lile.

Kwetu kuna mtego mwingine, nao ni sauti. Kocha aliyekulia Pwani huja na Kiswahili cha taratibu, chenye "tafadhali" na "samahani" nyingi, nasi tunaandika kwamba ni mpole. Kocha aliyekulia Magu au Kwimba, aliyezoea kusalimiana na mtu aliye ng'ambo ya shamba la mpunga, hupaza sauti hata anapomsifia mtu, nasi tunaandika kwamba ni mkali. Hapo tumepima malezi na lafudhi tukidhani tumepima tabia. Kwa wiki ya kwanza jizoeze kuandika maneno aliyoyasema, uache kwanza namna yalivyosikika.

Chagua maneno yako mapema

Ugomvi mwingi wa mashabiki kuhusu kocha hutokana na kutumia neno moja kwa mambo matatu, na kwa bahati nzuri lugha yetu ina maneno ya kutosha iwapo tutayatenganisha. Kwa matumizi ya uwanjani, mimi huyatenganisha hivi. Mkali hukasirikia kosa, na hasira yake huisha kosa linaporekebishwa. Mkorofi hutafuta mtu wa kugombana naye hata pasipo kosa. Mkatili huridhika anapomwona mwingine amedhalilika. Hawa watatu wanaweza kutoa kelele ile ile, na kutoka jukwaani wanafanana kabisa. Tofauti yao huonekana dakika moja baada ya kelele, pale mkali anapokwenda kumwonyesha mchezaji namna ya kufanya, mkorofi anapohamia kwa mtu mwingine, na mkatili anapowatazama wengine waone kama wamecheka.

Vivyo hivyo mpole si mnyonge. Mpole anaweza kumweka benchi nahodha aliyechelewa mazoezini bila kupandisha sauti hata kidogo, ilhali mnyonge atampanga kwa kuogopa maneno ya marafiki zake. Mcheshi naye tumtofautishe na mwenye mzaha wa kuumiza: wa kwanza hutania na aliyetaniwa akacheka pamoja na wenzake, wa pili huwachekesha ishirini kwa kumtoa mmoja sadaka, na mara nyingi ni yule yule kila siku.

Maneno yanayosumbua kuliko yote ni msimamo na ukaidi. Wanaokumbuka miaka ya Marcio Maximo, Mbrazili aliyeinoa Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, watakumbuka jinsi nchi ilivyompenda kwa ari yake na kwa namna alivyowahamasisha watu kuishangilia timu ya taifa, akaifikisha kwenye fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, zilizofanyika Ivory Coast mwaka 2009. Watakumbuka pia mabishano marefu kuhusu kipa Juma Kaseja kuachwa nje ya kikosi. Tendo lilikuwa moja, na kocha alikuwa mmoja. Waliokubaliana naye waliliita msimamo, wasiokubaliana naye wakaliita ukaidi. Kabla ya kutumia lolote kati ya maneno hayo mawili, jiulize kama ungelitumia hilo hilo endapo mchezaji aliyeachwa angekuwa yule usiyempenda.

Simama upande ambao upepo unaelekea

Mazoezi ya timu za vyuo mara nyingi huanza saa kumi jioni, vipindi vinapokwisha, na wakati huo upepo wa ziwani bado una nguvu. Mchana kutwa nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa yenye ubaridi kutoka ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Ndiyo sababu jioni vumbi la viwanja vilivyo karibu na ziwa huelekea bara. Kwa shabiki anayetaka kumsoma kocha, jambo hili lina uzito. Ukikaa upande wa ziwa, upepo huichukua sauti ya kocha na kuipeleka mbali nawe. Ukikaa upande wa bara, hata maneno anayomwambia mchezaji mmoja kwa sauti ya kawaida yanaweza kukufikia.

Sisi hatukulijua hilo. Msimu tulipoletewa kocha ambaye mashabiki walimwita Barafu, kamati yetu ilikuwa na desturi ya kukaa juu ya miamba iliyo upande wa ziwa, kwa kuwa kutoka pale uwanja wote huonekana na kivuli hufika mapema. Tulichokiona kwa miezi miwili kilikuwa mtu aliyesimama amekunja mikono, asiyeonekana kusema lolote, asiyeruka hata timu ilipofunga bao. Tukauandikia uongozi barua kwamba hana ari na hana mapenzi na vijana, na mkono ulioiandika ulikuwa wangu. Wiki moja baada ya barua kupokelewa nilizunguka hadi upande wa pili kumfuata mtoto aliyekimbia na mpira wa mazoezi, nikabaki pale kama dakika ishirini. Ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa akizungumza mfululizo, kwa sauti ya chini, akimwita kila mchezaji kwa jina lake, akimwambia kiungo atazame nyuma ya bega kabla ya kupokea pasi, akimwuliza kipa kama kidole chake kimepona. Nilikwenda kuomba barua ile ifutwe, nikaambiwa imekwisha kuingia kwenye faili. Mwisho wa msimu mkataba wake haukuongezwa, na sababu zilizotolewa zilifanana na maneno yetu. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo chagua mahali unapoweza kusikia, na ubadilishe mahali angalau mara moja katika kila zoezi. Fika kabla ya wachezaji, kwani robo saa ya mwanzo ina mengi: kocha amefika saa ngapi, nani amebeba mipira na koni, anamsalimu vipi mtunza uwanja, na kama hakulelewa kwa Wasukuma, amejifunza kuitikia salamu ya "mwadila" ya bibi anayeuza matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, getini. Mtu asiyekuwa na la kupata kwa mtunza uwanja, na bado akamwuliza habari za nyumbani kwake akasubiri jibu, amekuonyesha kitu ambacho hotuba ya ukumbini haikuweza kukionyesha. Iwapo kocha ameomba mazoezi ya siku fulani yawe ya faragha, ondoka bila manung'uniko, na siku zote weka simu mfukoni, kwa sababu kocha anayejua kwamba anarekodiwa huzungumza na simu badala ya kuzungumza na wachezaji.

Hesabu badala ya kukumbuka

Sehemu hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kazi. Kumbukumbu zetu hushika tukio lenye kelele na kuacha yale arobaini ya kimya yaliyolizunguka, kwa hiyo ukitaka kujua kocha anavyoishi na wachezaji wake inakupasa uhesabu.

Msimu wa 1974/75 watafiti wawili wa Marekani, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikwenda kuketi kwenye mazoezi ya timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha UCLA, iliyofundishwa na John Wooden. Wooden alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya nchi hiyo mara tisa, na msimu huo akatwaa wa kumi, kisha akastaafu. Watafiti wale walihesabu matendo 2,326 ya ufundishaji. Karibu robo tatu ya yote yalikuwa maelekezo, yaani maneno yenye habari ndani yake: fanya hivi, usifanye vile, rudia, harakisha. Sifa tupu hazikufika kumi katika kila mia, na karipio tupu halikufika kumi vilevile. Shabiki aliyekwenda pale akitazamia kumwona baba mwenye maneno matamu, au simba mwenye kunguruma, asingemwona yeyote kati yao. Aliyekuwapo ni mwalimu.

Neno hilo nalo tulitafakari kidogo, kwa kuwa hapa nchini wachezaji humwita kocha "mwalimu" bila kufikiri mara mbili, na mashabiki pia. Tukimwita mwalimu, basi tumpime kwa ualimu.

Chukua daftari, uchore safu nne. Ya kwanza ni maelekezo, ambamo utapiga alama kila anaposema jambo ambalo mchezaji anaweza kulitenda: "Fungua mwili kabla mpira haujafika." Ya pili ni sifa, kwa maneno kama "Vizuri sana." Ya tatu ni karipio tupu, yaani ukemeaji usio na maelekezo ndani yake: "Amka wewe!" Ya nne ni maneno juu ya mtu mwenyewe badala ya kazi yake, mathalani juu ya umbo lake, kabila lake, ukoo wake au akili yake. Karipio lenye maelekezo ndani yake, kama vile "Nimekwambia mara tatu, pasi ya kwanza iende pembeni!", liingie safu ya kwanza hata kama limetolewa kwa sauti ya kutikisa miamba, kwa maana mchezaji ameondoka na kitu. Hesabu kwa nusu saa tu, kisha pumzika. Ukizidisha utaanza kukisia.

Fanya hivyo katika mazoezi matatu ya siku tofauti, mojawapo likiwa la siku ya kwanza baada ya kufungwa mechi. Usitafute namba kamilifu. Tazama umbo la ukurasa. Safu ya kwanza ikijaa kuliko nyingine, una mwalimu, awe na kelele au asiwe nazo. Safu ya pili ikijaa peke yake, una mtu anayetaka kupendwa, na hilo si kosa, ila subiri uone atakavyokuwa timu ikifungwa mfululizo. Safu ya tatu ikiongoza, huenda ni mtu aliyechoka au aliyekosa la kufundisha. Safu ya nne ikiwa na alama zaidi ya moja au mbili, nitairudia hapo chini, kwa sababu huko tunatoka kwenye habari za hulka.

Ongeza jambo moja lenye faida kubwa: kila mchezaji anapokosea, andika kilichofuata. Ronald Smith na Frank Smoll, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, waliwachunguza makocha wa watoto katika miaka ya 1970 kwa njia inayofanana na hii, wakaona kwamba watoto walivutiwa na makocha waliowatia moyo na kuwaelekeza baada ya kukosea, na kwamba idadi ya ushindi haikuwa na uzito mkubwa katika kumpenda kocha. Waliona pia kwamba makocha wenyewe hawakujua vizuri walivyokuwa wakitenda. Hilo la mwisho linanifanya niwaonee huruma makocha, na linanifanya niamini kwamba daftari la shabiki mwaminifu linaweza kumsaidia kocha mwenyewe.

Mfuate mchezaji asiyepangwa

Kila kocha humtendea vizuri mfungaji wake bora. Kwa hiyo baada ya kuwatazama kumi na mmoja wa kwanza, waache, umchague mchezaji mmoja wa akiba, hasa kipa wa pili, ambaye anaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa mpira wa mashindano. Je, kocha anazungumza naye? Anapopangwa dakika za mwisho, anapewa maelekezo au anasukumwa tu uwanjani? Akiumia, nani anakwenda naye zahanati? Sheria za mpira sasa zinaruhusu kubadili wachezaji hadi watano, na namna kocha anavyozitumia nafasi hizo timu inapoongoza kwa mabao matatu husema mengi kuhusu anavyowathamini waliokaa benchi.

Timu ya chuo ina jambo ambalo timu za ligi hazina: mchezaji ni mwanafunzi kwanza. Katika vyuo vya ualimu nusu ya kikosi hutoweka wakati wa mazoezi ya kufundisha, na katika vyuo vyote wiki za mitihani huufanya uwanja uwe mtupu. Mashindano nayo hayasubiri, yawe ya UMISAVUTA kwa vyuo vya ualimu, ya SHIMIVUTA au ya TUSA kwa vyuo vikuu. Hapo ndipo utamwona kocha alivyo. Yupo anayemwambia beki wake aache mazoezi ya jioni ajiandae kwa mtihani wa marudio, na yupo anayemnunia wiki nzima kwa sababu hiyo hiyo. Kwangu mimi, hakuna kipimo kimoja chenye uzito kuliko hiki, na ningekishika hata kama vingine vyote vingeonyesha kinyume.

Safari pia ni shule. Zamani kwenda kucheza Sengerema au Geita kulimaanisha kusubiri kivuko pale Kigongo, na foleni ile ilimfichua kila mtu: aliyelala garini, aliyewanunulia vijana mahindi ya kuchoma, aliyegombana na wahudumu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lifunguliwe mwezi Juni 2025, basi linapita moja kwa moja na foleni hiyo haipo tena. Zimebaki safari za majini kama ya Ukerewe. Ukibahatika kusafiri na timu hadi Nansio, angalia kocha anakaa wapi, anakula baada ya nani, na fedha za chakula zikipungua anawaeleza wachezaji ukweli au anawaacha wanong'one.

Siku ya mechi

Mashabiki wengi humjua kocha siku ya mechi pekee, na siku hiyo ndiyo inayopotosha zaidi. Kelele za jukwaani, mwamuzi, mgeni rasmi na hofu ya kufungwa humfanya mtu awe tofauti na alivyo Jumanne. Nitataja machache tu.

Eneo la ufundi lina mipaka yake: huenda mita 1 kila upande wa viti na kusogea mbele hadi mita 1 kutoka mstari wa pembeni, na sheria inamruhusu mtu mmoja tu kwa wakati kutoa maelekezo ya kiufundi. Kocha anayekaa ndani ya mipaka hiyo dakika zote 90, hasa timu yake inapofungwa, ameonyesha namna anavyojitawala. Tangu msimu wa 2019/20 waamuzi wanaweza kuwaonyesha kadi viongozi wa benchi, na hapo kuna jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui: mtu wa benchi akitenda kosa na mwamuzi asimtambue, kadi hupewa kocha mwandamizi aliyepo katika eneo hilo. Kwa hiyo ukimwona mwalimu wenu akionyeshwa kadi ya njano, usiharakishe kuandika kwamba ana mdomo mchafu. Huenda ameibeba kwa ajili ya mchezaji wa akiba aliyetukana, na atakachomfanyia mchezaji huyo baadaye ndicho kinachostahili kuandikwa.

Baada ya kipenga cha mwisho usikimbilie daladala. Baki dakika kumi. Tazama kama anampa mkono kocha wa wageni baada ya kufungwa, na anamwendea nani kwanza.

Kuwauliza wachezaji

Usimwulize mchezaji, "Kocha ni mtu wa namna gani?" Swali hilo humlazimisha ama kusifia ama kusengenya, na nahodha atakujibu kwa tahadhari ya mtu anayetaka kubaki nahodha. Uliza juu ya tukio: "Mara ya mwisho ulipokosea, alikwambia nini?" Au: "Alijuaje kwamba ulikuwa mgonjwa?" Waulize watatu, mmoja anayeanza kila mechi, mmoja wa akiba na mmoja aliyeachwa kwenye kikosi, na usimpelekee mmoja maneno ya mwenzake. Mchezaji akikataa kujibu, heshimu ukimya wake. Ni haki yake, na yeye ndiye atakayerudi mazoezini kesho.

Mambo yasiyo ya hulka

Kumpiga mchezaji, kumtukana kwa kabila au dini yake, kumdai fedha ili apangwe, na kumtaka mchezaji kimapenzi kwa kumwahidi nafasi havihesabiki kuwa ukali wala ucheshi wala ugeni wa mazingira. Hapo daftari la safu nne halina kazi tena, na hazisubiriwi zile wiki sita nitakazozieleza mwishoni. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa zake, pamoja na za fedha zinazodaiwa kwa ajili ya kupangwa, hupokelewa na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa namba 113 bila malipo. Chuoni, mshauri wa wanafunzi na dawati la jinsia ndio wa kwanza kuelezwa. Umsikilize aliyetendewa, umwulize anataka kusaidiwaje, na usilitangaze jina lake vijiweni hata kwa nia njema. Timu za wanawake zinahitaji ulinzi huu kwa namna ya pekee, kwa kuwa mara nyingi mazoezi yao hayana watazamaji.

Baada ya wiki sita

Wiki sita hutosha kwa mazoezi matatu ya kuhesabiwa, mechi mbili au tatu, na angalau kipigo kimoja. Ndipo mketi, ukiwa na shabiki mwingine aliyeandika lake na ambaye hamkubaliani, mkalinganishe. Kila mnapotofautiana, muulizane kwanza mlisimama wapi na siku gani. Nimewahi kuona ubishi wa mwezi mzima ukiisha mara tu ilipogundulika kwamba mmoja alikuwapo mazoezini siku ambayo kocha alitoka msibani. Tenganisheni yale mliyoyaona kwa macho na yale mliyoyasikia kijiweni, na haya ya pili myafute yote, hata yale matamu.

Kisha nendeni kumsalimu. Msiende siku ya mechi, msiende baada ya kufungwa, na msiende na ushauri wa kikosi. Mkute anapokusanya koni, mshikieni mfuko, mwamkieni inavyostahili, mjitambulishe, halafu mwulizeni habari za mchezaji mmoja, hasa yule kipa wa pili. Mpeni nafasi ajibu kwa urefu anaoutaka. Barua kwa uongozi, kama ipo ya kuandikwa, iandikwe baada ya hapo, iwe ya pongezi au ya malalamiko, nayo iwe na tarehe, mahali mliposimama na maneno mliyoyasikia kwa masikio yenu.